Reli ya Marree Ibaki Jangwani

Marree ni kijiji cha jangwani, takriban kilomita 600 kaskazini mwa Adelaide, Australia. Treni ilifika hapo mwaka 1884, na reli ikasogezwa kidogo kidogo hadi kufika Alice Springs mwaka 1929. Mvua kubwa ziliposhuka, mafuriko yalizoa tuta na mataruma, hadi njia mpya ikajengwa magharibi zaidi na kufunguliwa mwaka 1980. Ya zamani ikafungwa. Vichwa vya treni vya dizeli vilivyobaki Marree sasa vinashika kutu.

Wapo wanaoona heri mabaki hayo yahamishiwe makumbusho, kwa kuwa kutu haisubiri mjadala na jangwa halina mlinzi. Nakubaliana nao katika jambo moja: kichwa kinachoweza kutembea tena kipelekwe Quorn, ambako wanaojitolea bado wanaendesha treni za zamani. Mengine yote yaachwe yalipo.

Chukua Curdimurka, kituo cha zamani cha reli hiyo magharibi mwa Marree. Jirani na tangi la maji umesimama mnara wa chuma uliotumika kulainisha maji kabla hayajaingia kwenye boila, maana maji ya huko yana madini mengi, nayo yakichemshwa, madini hayo huganda ndani ya chuma na kukila. Treni ya mvuke haiendi bila maji, ndiyo sababu reli ilifuata mstari wa chemchemi. Chemchemi hizo ndizo zilizowaweka hai Waarabana, wenyeji wa nchi hiyo, tangu zama za mababu zao. Mnara huo ukisimamishwa mjini, nani ataelewa maji yalikuwa ya nani?

Na Marree yenyewe iligawanywa na reli. Upande mmoja waliishi Wazungu. Upande wa pili Waaborijini na wenye ngamia, walioitwa Waafghani ingawa wengine walitoka India, ambao ngamia wao walibeba shehena kutoka stesheni hadi mji wa Birdsville. Kung'oa reli hiyo ni kufuta ushahidi wa ubaguzi.

Kuhifadhi papo hapo kunawezekana. Huko Coward Springs, kituo kingine cha reli hiyo, nyumba za wafanyakazi wa reli zimekarabatiwa zilipojengwa, na wageni hulipa kupiga kambi karibu na mitende ya enzi hizo. Na nchi hii ina wenyewe: mahakama ilitambua haki za Waarabana juu ya ardhi yao mwaka 2012. Basi wao ndio waulizwe kwanza, na serikali ya jimbo igharimie matunzo.