Lumbesa ya Tenda za Mafuta

Haya wasomaji, leo tuweke kando simu mpya na lugha za programu. Leo nataka kugombana na wanaotangaza tenda za ujenzi wa mabomba ya mafuta na gesi.

Unadhani hayakuhusu? Ndani ya bei ya kila lita ya petroli unayotia gari pale Westlands au Dagoretti Corner kuna nauli ya bomba kutoka Mombasa. Bomba likijengwa kwa bei ya juu, wewe ndiye mlipaji. Hata kama huna gari, matatu yako inalo.

Hoja yangu ni moja tu: tenda ambayo kila mwombaji anaigawa kazi anavyotaka mwenyewe si mashindano. Ni lumbesa.

Lumbesa tunaijua sote. Mkulima wa viazi analipwa kwa gunia, lakini gunia lenyewe limeongezwa kichwa mpaka halijulikani lina kilo ngapi. Wakulima walilia miaka mingi, na kanuni za 2019 zikasema gunia lisizidi kilo 50. Kwa nini? Kwa sababu bei bila kipimo si bei. Mama wa Kangemi analijua hilo. Wanaotoa mikataba ya mabilioni wanajifanya hawalijui.

Chukua bomba la Mombasa hadi Nairobi. La kwanza lilianza kazi 1978, la inchi 14. Jipya, tunaloliita Line 5, ni la inchi 20 na urefu wa kilomita 450. Mkataba wake ulitiwa saini 2014, takriban dola milioni 484, na likaanza kutumika 2018. Ukigawanya, ni zaidi ya dola milioni moja kwa kila kilomita. Je, ni ghali au ni rahisi? Kwa namba hiyo peke yake huwezi kujibu, na mimi pia siwezi. Ndani yake kuna kusafisha njia, kupanga mabomba, kulehemu, kupiga eksirei viungo, kupaka kinga ya kutu, kuchimba mtaro, kushusha bomba, kufukia, kujaza maji kwa shinikizo kuona kama linavuja, na bado hatujafika kwenye pampu. Bila kujua kila kazi ilipewa bei gani na kwa kipimo gani, jumla hiyo haikufundishi chochote.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Niliwahi kulipwa na ofisi moja hapa mjini (jina tuliache) niandike programu ya kulinganisha zabuni za kazi ya namna hii. Mwombaji wa kwanza aliweka bei ya mtaro kwa mita. Wa pili aliweka kwa mita za ujazo, na kufukia kumo humo humo. Wa tatu aliandika mstari mmoja: "kazi zote za laini, jumla." Na zote zilikuwa PDF za karatasi zilizopigwa picha, nyingine zimekaa upande! Kompyuta haiwezi kulinganisha vitu visivyo na jina moja. Binadamu pia hawezi, ila binadamu anaweza kujifanya ameweza, kisha akatia sahihi.

Tena ujanja haukosi hata pale BQ inapofanana. Tazama mfano huu niliotunga. Tenda inakadiria mita za ujazo 10,000 za udongo na 1,000 za mwamba. Kampuni A inadai shilingi 400 kwa udongo na 2,000 kwa mwamba: jumla milioni 6. Kampuni B inadai 250 na 3,300: jumla milioni 5.8. B anashinda, ni rahisi zaidi. Kazi inaanza, na kumbe udongo ni 7,000 tu na mwamba ni 4,000. Kwa bei za A tungelipa milioni 10.8. Kwa bei za B tunalipa milioni 14.95. Huyo "rahisi" ametugharimu zaidi ya milioni 4! Aliyepima ardhi vizuri kabla ya tenda alijua. Sisi hatukujua, kwa sababu hakuna mahali tunapoweza kuona kwamba mwamba kwa kawaida haufiki 3,300.

Dawa ipo, na si ngeni. Wanorway walipochoka na fujo hii kwenye mafuta yao walitengeneza mfumo wa misimbo ya gharama, NORSOK Z-014, na mwaka 2016 ukazaa kiwango cha kimataifa, ISO 19008. Kiini chake mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakielewa. Kila gharama inajibu maswali matatu: ni ya sehemu gani ya mtambo, ni ya shughuli gani, na imetumia rasilimali gani. Safu tatu kwenye jedwali, basi. Ukishakuwa nazo, kulinganisha zabuni ni kazi ya dakika chache.

Najua majibu yenu, waheshimiwa. "Kila mradi ni tofauti, mchanga wa Lamu si udongo mweusi wa Athi River." Kweli kabisa. Msimbo haukuambii bei iwe ngapi, unakuambia bei ni ya kitu gani. Tofauti ya mchanga na udongo ndiyo hasa tunayotaka kuiona. "Mkataba ni wa bei moja ya jumla, hasara ni ya mkandarasi." Mpaka siku anapoleta madai ya kazi za ziada! Hapo ndipo mnapoanza kutafuta bei ya kila kitu, na aliye na bei ni yeye peke yake. "Bei ni siri ya biashara." Katiba yetu, kifungu cha 227, inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa uwazi na wa ushindani. Hela ni zetu.

Na msiniambie tumeshaingia mtandaoni. Tulianza na IFMIS 2014, na 2025 Hazina ya Taifa ikaleta mfumo mpya wa ununuzi wa kielektroniki, mpaka tukafikishana mahakamani. Mimi naunga mkono kompyuta, ndizo zinanilisha. Lakini kupakia lumbesa kwenye tovuti hakuigeuzi kuwa kilo 50.

Hasara kubwa ni ya wadogo. Kazi ikiwa fungu moja lisilo na majina, kampuni ndogo ya kulehemu kutoka Kawangware haijui hata iombe nini. Uganda waliliona hilo mapema: kanuni zao za 2016 zilitaja kwa majina kazi zilizotengewa wenyeji, na Mamlaka ya Petroli ina orodha ya taifa ya wasambazaji. Huwezi kumtengea mtu kazi ambayo hujaipa jina.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Moja, orodha moja ya misimbo ya kazi kwa miradi yote ya mafuta na gesi, itolewe bure kama faili ya CSV, si PDF. Mbili, zabuni isiyojazwa kwa misimbo hiyo isifunguliwe. Tatu, mkataba ukishatolewa, bei za kila msimbo zichapishwe.

Mafuta ya Turkana yaligunduliwa 2012. Tullow waliuza hisa zao kwa Gulf Energy 2025, na bomba la kutoka Lokichar hadi Lamu, kama kilomita 820, limekuwa kwenye mipango miaka yote hiyo. Orodha ya misimbo iandikwe kabla tenda ya kwanza ya bomba hilo haijatangazwa. Baada ya hapo, gunia litakuwa limeshashonwa.