Nyota iliyolipuka dakika mbili: Kwa nini Namibia inasubiriwa kulinda anga

Machi 24, 2017, Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu, ililipuka ghafla. Ndani ya sekunde 10, mwanga wake wa mawimbi ya milimita uliongezeka mara 1,000. Hazikupita dakika mbili, kila kitu kikawa kimekwisha.

Darubini ya redio ya ALMA, iliyoko jangwa la Atacama nchini Chile, ilikuwa inaitazama nyota hiyo. Lakini hakuna aliyeshtuka. Data za saa 10 hivi zilichanganywa pamoja, na watafiti wa kwanza wakadhani wanaona vumbi linaloizunguka nyota. Mwaka 2018 timu nyingine ilipoipitia data ileile kipande kwa kipande, ndipo mlipuko ulipoonekana.

Yaani kuwa na darubini kubwa pekee haitoshi. Lazima awepo wa kukesha.

Kwa nini ni vigumu?

Mawimbi ya milimita ni mawimbi ya redio mafupi sana. Yanapenya vumbi linaloziba mwanga wa kawaida, lakini mvuke wa maji hewani huyameza. Ndiyo maana darubini zake hujengwa sehemu za juu na kavu.

ALMA ina antena 66 na inaona kwa ukali wa ajabu, ila hutazama kipande kidogo tu cha anga kwa wakati mmoja. Watafiti wanaoipangia foleni nao ni wengi. Haiwezi kukaa doria.

Darubini ya South Pole Telescope, iliyoko Ncha ya Kusini, ilijengwa kupima mnururisho uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu. Kwa kuwa inarudia eneo lilelile la anga kila mara, imegeuka kuwa mlinzi mzuri. Kati ya Machi na Novemba 2020 ilinasa matukio 15 ya ghafla. Mengi yalikuwa milipuko ya nyota, iliyodumu dakika chache hadi saa kadhaa. Mengine yalidumu wiki mbili hadi tatu na yanaonekana kutoka nje ya galaksi yetu.

Mashimo meusi nayo hayatulii

Mtandao wa Event Horizon Telescope, uliotoa picha ya kwanza ya shimo jeusi Aprili 2019, huunganisha darubini za nchi mbalimbali kwa siku chache tu kila mwaka. Mwezi Septemba 2025 ulionyesha kwamba kati ya 2017 na 2021, mpangilio wa mwanga unaofichua nguvu za sumaku kando ya shimo la M87 uligeuka upande. Mambo mengi yaliyotokea katikati yalipita bila picha.

Shimo lililo katikati ya galaksi yetu ni gumu zaidi, maana gesi hulizunguka kwa dakika tu.

Hapo ndipo Namibia inapoingia

Chuo Kikuu cha Namibia na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi wanapanga kujenga Africa Millimetre Telescope, yenye dishi la mita 15, katika nyanda za juu za Khomas. Mtandao huo hauna hata darubini moja barani Afrika. Zile za Afrika Kusini, kama MeerKAT, hufanya kazi kwa mawimbi marefu zaidi.

Namibia ina hewa kavu, na katikati ya galaksi yetu hupita karibu na utosi wake. Pia Namibia huanza kuiona saa kadhaa kabla ya Chile.

Dishi moja la mita 15 haliwezi kushindana na ALMA kwa ukali, hilo halina ubishi. Lakini kazi za pamoja na mtandao zitalichukua siku chache tu kwa mwaka. Siku nyingine zote linaweza kulinda anga, na mlipuko kama ule wa Proxima ukitokea, ugundulike usiku huohuo badala ya mwaka mmoja baadaye.