Fedha ya Sadaka na Chombo cha Chaneli Nne



Vijana wa msikiti wetu, wenye karakana ya kutengeneza redio na amplifaya, waliiomba kamati iwanunulie osiloskopu ya dijitali, chombo kinachochora kiooni umbo la umeme upitao katika saketi. Fedha ilikuwepo, lakini ni sadaka za waumini. Nikatumwa nikaulize kabla ya kununua.

Muuzaji alinisifia chaneli nne na sampuli bilioni 1 kwa sekunde. Hakusema uongo, ila hakusema yote. Chukua mfano wa Rigol DS1054Z, ambayo kiwanda chake kimeeleza jambo hili wazi: bilioni hiyo hupatikana ikitumika chaneli moja tu. Ukiwasha ya pili, kila moja hupata milioni 500; ukiwasha tatu au nne, milioni 250. Ni sinia moja la pilau: wageni wakizidi, fungu la kila mmoja hupungua.

La pili ni triga, yaani sharti linalokiambia chombo kianzie wapi kuchora. Kama vile maamuma wanavyongoja takbira ya imamu, kila mchoro hungoja alama ileile ya wimbi, na picha ikatulia. Chombo kidogo kama DSO138 kina chaneli moja, na triga yake hutazama kupanda au kushuka kwa umeme tu. Kwa sauti, kinafaa: sikio la binadamu halivuki takriban hezi 20,000, nacho hufika hezi 200,000. Lakini hakiwezi kuonesha kwa pamoja sauti inayoingia kwenye amplifaya na ile inayotoka. Wala hakiwezi kulichagua pigo moja fupi lenye kasoro kati ya maelfu yaliyo mazima. Kazi hiyo yahitaji triga ya upana wa pigo.

Tulikubaliana kununua cha chaneli mbili chenye triga hiyo, na fedha iliyobaki ikarudi kwenye sanduku.

Ndugu zangu wafanyabiashara, Surat Al-Mutaffifiin inawaonya wanaopunja vipimo. Kumficha mteja upungufu wa bidhaa, hata kwa kunyamaza tu, kuna harufu ya upunjaji huo. Nasi tunaokabidhiwa mali ya waumini, tusione haya kuuliza, kwani tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.