Semboja Alishinda Nini?

Husemwa na wengi kwamba vita vya ndugu vikizuka, dawa yake ni kupatikana jemadari hodari wa kuvimaliza. Sisi twalipinga neno hili, wala ushahidi wetu hatuutoi mbali. Hapa kwetu Makanya, chini ya milima ya Upare, yapita reli ya Tanga. Uifuatapo kuelekea pwani wafika Mazinde, chini ya milima ya Usambara. Hapo ndipo alipokaa Semboja.

Mwaka 1862 alifariki Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, na kiti chake huko Vugha akakirithi mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, ami yake mfalme huyo, hakuridhika. Wakubwa wa Kilindi walizoea kukaa mlimani. Yeye aliweka makao yake tambarare, penye njia ya misafara itokayo Pangani. Sisi wenye maduka twaielewa hesabu yake. Duka halisimami kwa uzuri wa kuta zake, bali kwa njia ipitayo mbele yake. Aliyeishika njia ile aliishika bunduki, baruti na nguo. Na kwa vitu hivyo alipata watu wa kumpigania ambao nasaba pekee isingempatia.

Basi akaitwaa Vugha, akamtawaza mwanawe, Kimweri Maguvu, naye mwenyewe akabaki Mazinde. Hatumnyimi haki yake: ule ulikuwa ufundi mkubwa.

Lakini je, vita viliisha? La. Jamaa zake Shekulwavu waliendelea kupigana, na Wabondei wakainuka wakawafukuza Wakilindi katika nchi yao. Na bunduki hazikuja bure. Bei yake walikuwa wanadamu, waliotekwa wakateremshwa pwani kuuzwa. Kila upande ulimteka jirani yake ili upate baruti ya kumteka mwingine. Ufundi wa Semboja ulimpa ushindi yeye, nchi ukaipa miaka mingi ya kuuzana.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Wadachi walipokuja hawakukuta nchi moja ya kuwakabili. Mwaka 1895 Semboja alifariki, na mwaka huo huo Wadachi wakamnyonga mwanawe, Mputa; kisha utawala wakampa Kinyashi, wa nyumba ile ile aliyoishinda Semboja.

Ndugu wasomaji, haya si ya kale tu. Itazameni Sudan, ambako Aprili 2023 majemadari wawili waliokuwa washirika waligeukiana, na raia kwa mamilioni wakayahama makwao. Nao wote wawili walisifiwa umahiri. Basi twasema: watu wa nchi moja wakikosana, na watafute kwanza mwenye kupatanisha. Jemadari akishapewa ugomvi wetu, hatatuuliza tena tulikuwa tukigombania nini.