GURUDUMU JIPYA KWENYE PIKIPIKI KUUKUU: NUSU ILIYOBAKI ALIPE NANI?



Tangu toleo lililopita tumeulizwa jambo moja na watu wengi, wengine madereva wa bodaboda, wengine mafundi wa kivulini pale sokoni Hagadera. Jambo lenyewe ni hili. Tajiri ananunua gurudumu la nyuma la kisasa, lile la kumiminwa lisilo na spoki, analileta kwa fundi na kusema, "Funga hili leo, jioni pikipiki itoke kazini." Pikipiki yenyewe ni ya zamani. Fundi anafunga. Je, amefanya vyema? Na likitokea la kutokea, nani wa kujibu?

Twasema waziwazi tangu mwanzo: gurudumu laweza kufungwa, na mara nyingine lafaa sana. Lakini gurudumu si rimu na tairi peke yake. Tajiri aliyelipa bei ya gurudumu amelipa nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo inayolinda miguu ya dereva.

Kwanza tuwe watu wa haki. Madereva hawalitamani gurudumu hili kwa urembo tu (ingawa wamo wa urembo, na twawajua). Wanalitamani kwa sababu ya miiba. Mathenge, mti ule ulioletwa katika sehemu kavu za Kenya miaka ya 1970 na 1980 ili uzuie mchanga na kutoa kuni, sasa umejaa kando ya njia zetu, na mwiba wake hupenya tairi kama msumari. Tairi lenye tyubu likichomwa hulala papo hapo, na dereva asukume pikipiki mchangani na abiria akimlaumu. Tairi lisilo na tyubu, kwenye rimu ya kumiminwa, hushika mwiba na kupoteza upepo polepole. Dereva hufika, na shimo huzibwa kwa kamba ya raba kutoka nje bila kuvua gurudumu. Hiyo ni faida ya kweli, na saa moja iliyookolewa ni pesa ya mtoto.

Sasa tuje kwenye pikipiki yenyewe. Chukua Yamaha DT 125 kuukuu, kwa kuwa pikipiki za namna hiyo zilipendwa sana na idara na mashirika kwa kazi za porini, kisha zikauzwa mikononi mwa watu. Gurudumu lake la nyuma ni la inchi 18, na mara nyingi huvaa tairi la 4.10-18. Gurudumu la Boxer, ambalo ndilo rahisi kupatikana, ni la inchi 17 na huvaa tairi jembamba, kama 3.00-17. Ukijumlisha rimu na unene wa tairi utaona kwamba pikipiki imeshuka nyuma karibu sentimita 4, na mwendo uliokuwa wa mizunguko 7 ya gurudumu sasa wataka mizunguko 8. Injini yapiga kelele zaidi kwa mwendo ule ule. Anayetaka kurudisha hali ya kwanza sharti abadili sproketi: kama ya nyuma ilikuwa ya meno 48, ya meno 42 ndiyo inayolingana. Lakini kwa anayezunguka ndani ya kambi tu, mchangani, na mzigo wa unga nyuma, sisi twasema asihangaike. Nguvu ile iliyoongezeka itamsaidia. Ila aangalie stendi ya pembeni. Pikipiki ikishuka na stendi ikabaki na urefu wake, husimama wima mno, na upepo tu waiangusha upande wa pili. Tumeona kioo kikivunjika hivyo, na dereva akakatwa.

Cheni haina taabu nyingi ikiwa namba ni moja. Ya 428 na ya 420 zina hatua moja ya milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, lakini upana si mmoja. Cheni ya 428 juu ya sproketi ya 420 huingia, kisha hucheza huku na huku na kula meno. Ya 520 hatua yake ni karibu milimita 16, na hiyo haikai kabisa. Soma namba iliyopigwa ubavuni mwa cheni kabla ya kupokea kazi.

Ekseli ndipo ujanja mbaya unapoanza. Pikipiki moja ina ekseli ya milimita 12, nyingine ya 15. Gurudumu likija na tundu la 15 na ekseli ya zamani ni ya 12, hapana budi kukerezwa bushi ya chuma iingie katikati, ikae bila kucheza. Wengine hukunja kipande cha bati la debe wakakizungusha kwenye ekseli. Bati hilo husagika, gurudumu hulegea, na beringi zilizonunuliwa jana hulia leo. Ikiwa ni kinyume, ekseli nene na nafasi nyembamba kwenye mikono ya nyuma ya pikipiki, utamwona mtu na tupa akipanua nafasi ile. Ndugu, chuma kile ni chembamba, na kilichobaki baada ya tupa ndicho kinachobeba watu wawili. Yafaa kutafuta ekseli nyingine na beringi za kuifaa, au kuliacha gurudumu hilo.

Lakini haya yote ni madogo mbele ya breki.

Breki ya dramu, kila fundi aijua: viatu viwili hupanuka na kushika dramu inayozunguka. Wengi husahau kwamba dramu nayo hujaribu kuvizungusha viatu pamoja na sahani iliyovibeba. Kinachoizuia sahani ni chuma kimoja kirefu kilichofungwa kwa bolti, upande mmoja kwenye sahani na upande wa pili kwenye mkono wa pikipiki. Katika pikipiki nyingine hakuna chuma hicho. Sahani ina pengo, na pengo hilo hukaa juu ya kinundu cha mkono. Sasa mtu akileta sahani yenye pengo kwenye pikipiki isiyo na kinundu, au sahani ya chuma kirefu kwenye pikipiki isiyo na tundu la bolti, gurudumu litaingia vizuri, litazunguka vizuri, na kwa macho kazi imekwisha. Siku dereva atakapokanyaga breki kwa nguvu, sahani itazunguka, itakunja fimbo ya breki, na gurudumu litajifunga ghafula au breki itapotea kabisa. Hakuna la tatu.

Mhariri wa ukurasa huu aandika jambo alilolionja. Niliwahi kupanda pikipiki iliyofungwa gurudumu la namna hiyo, na sahani ilikuwa imeshikwa kwa waya wa kufungia mizigo, umezungushwa mara nne na kukazwa kwa koleo. Nilipouliza nikaambiwa, "Ni ya muda tu." Muda wenyewe uliisha mbuzi walipokatisha njia. Nilianguka mchangani, namshukuru Mungu haikuwa lami, na kovu la kiwiko ninalo mpaka leo. Fundi aliyefunga waya ule hakuwa mjinga. Alikuwa ameomba pesa ya kipande cha chuma na bolti mbili, akanyimwa.

Ndipo tunapofika penye shina la maneno. Fundi wa Hagadera akikosa bushi ya kukerezwa, kazi lazima ipelekwe kwenye mashine, pengine mpaka Garissa. Fundi aliye mkimbizi hawezi kutoka kambini kwenda kuipeleka mwenyewe bila kibali cha safari. Ataituma kwa gari, alipe nauli, angoje. Nani alipe siku hizo? Dereva, kwa desturi iliyopo, hudaiwa hesabu ya kila siku hata pikipiki ikiwa imelala kwa fundi. Basi dereva humsukuma fundi, fundi huchukua waya, na tajiri hupokea hesabu yake jioni bila kujua, au bila kutaka kujua. Kisha pikipiki ikianguka husemwa dereva alikuwa akikimbia.

Matajiri hupenda kusema kwamba dereva wa hesabu si mfanya kazi wao, ni mtu anayekodi chombo, kwa hiyo sheria za mwaka 2007, ya Usalama na Afya Kazini na ya Fidia ya Ajali Kazini, haziwahusu. Jina la kukodi lisitutishe. Mwenye kuchagua gurudumu, kuchagua fundi na kuchagua siku ya pikipiki kutoka, huyo ndiye aliyeamua breki itakuwaje, na msimamo wa Chama ni kwamba yeye ndiye wa kulipa bushi, bolti, sproketi na siku za kungoja. Hesabu isihesabiwe pikipiki ikiwa kwa fundi kwa amri ya mwenyewe.

Kwa mafundi nanyi tuna neno. Msitoe pikipiki ambayo sahani ya breki haikushikwa kwa chuma na bolti. Msichomelee kishikio juu ya mkono mwembamba kwa moto mkubwa kisha mkaficha kwa rangi. Mkishurutishwa, vueni gurudumu, rudisheni la zamani, na dai lenu la kazi mliyokwisha kufanya lileteni kwetu. Tunajua kwamba jirani yako wa kivuli cha pili ataikubali kazi uliyoikataa, na hilo ndilo linalowavunja moyo wengi. Kwa ajili hiyo twawaomba mafundi wote wa soko mkutane mkubaliane juu ya jambo hili moja tu kabla ya mengine. Bei kila mtu na yake, lakini chuma cha breki kiwe cha wote.

Tena kuna njia ambayo twaona inasahauliwa kwa sababu haing'ai. Ikiwa habu ya zamani haina ufa, na beringi na dramu yake ni nzima, usiitupe. Nunua rimu mpya yenye idadi ile ile ya matundu, isuke kwa spoki mpya juu ya habu ile ile. Ekseli yabaki ile ile, breki yabaki na chuma chake, sproketi yabaki mahali pake. Ukitaka rimu ya inchi 17 badala ya 18, spoki ziwe fupi zaidi, basi. Na gurudumu la spoki lina fadhila nyingine: likikaa upande kidogo, fundi huvuta spoki na kulirudisha katikati, na likipinda shimoni hunyooshwa. La kumiminwa halivutiki. Likikaa nje ya mstari kwa sentimita moja litabaki hivyo mpaka bushi zikerezwe upya, na likipata ufa kwenye mawe, kulipiga nyundo ni kuongeza ufa. Kitu pekee utakachokikosa ni ile faida ya kwenda bila tyubu, maana rimu ya kawaida ya spoki hupitisha upepo kwenye matundu yake. Kila dereva apime mwenyewe kati ya miiba na mifuko yake.

Na gurudumu lolote lililofungwa, lipimwe kwa kamba kabla ya kutoka. Funga kamba nyuma ya tairi la nyuma, ivute pande zote mbili mpaka mbele, ukiangalia kama tairi la mbele limekaa katikati. Ni kazi ya dakika tano. Alama zilizochorwa kwenye mikono ya pikipiki kuukuu zisiaminiwe sana, kwa sababu mikono yenyewe huenda imekwisha kupinda.

Mafundi waliokwisha kukereza bushi zilizokaa vizuri twawaomba waandike kwenye karatasi aina ya pikipiki, aina ya gurudumu, unene wa ekseli na urefu wa bushi ya kushoto na ya kulia, wailete kwa katibu. Vipimo vyote vitakavyopatikana vitapigwa chapa katika toleo lijalo, na nakala moja itabandikwa sokoni ili asiye mwanachama naye asome.