Picha ilikuwa safi, kidole cha mamangu kikaendelea kuuma

Mamangu ni mshona kofia. Kwa zaidi ya miaka 30 ameshika sindano kwa kidole gumba na cha shahada, akitia uzi kwenye vitundu vya kofia za mkono ambazo wanaume wetu huvaa Ijumaa na Idi. Akiiweka kofia, huketi juu ya mbuzi akakuna nazi. Miaka miwili iliyopita kidole gumba cha mkono wa kulia kilianza kumuuma pale chini, karibu na kifundo. Akashindwa kufungua chupa, akashindwa kuzungusha ufunguo, mwishowe akashindwa kushika sindano.

Tukampeleka hospitali, akapigwa eksirei. Daktari akaitazama akasema, "Mama, mifupa yako ni mizima. Huu ni umri tu." Akapewa dawa za maumivu, akarudi nyumbani. Maumivu yakabaki. Kipato cha kofia kikakatika.

Nimefuatilia jambo hili tangu siku ile, na nililolijifunza linawahusu wengi wetu. Eksirei huonyesha mfupa. Gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa ili isisuguane, haionekani humo. Wala utando wa kiungo uliovimba hauonekani. Picha yaweza kuwa safi na kiungo kikawa tayari kinalika.

Kiungo cha chini ya kidole gumba kimeumbwa kama tandiko la farasi, ndiyo maana kidole hicho huzunguka pande zote. Uhuru huo una gharama. Watafiti walipima wakaona kwamba nguvu ya kilo 1 kwenye ncha ya kidole, unapobana kitu, hufika kama kilo 12 pale chini. Sasa hesabu sindano ngapi, nazi ngapi, nguo ngapi zimekamuliwa. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi.

Hapa ndipo inapoingia athroskopia. Mwaka 1918, Kenji Takagi wa Tokyo alichungulia goti la maiti kwa kifaa chembamba. Kutoka hapo kamera zimezidi kuwa ndogo, na tangu miaka ya 1990 madaktari bingwa wa mkono wamekuwa wakiziingiza kwenye kiungo cha kidole gumba. Mgonjwa hupewa dawa ya ganzi au ya usingizi, kidole kikavutwa ili kiungo kifunguke, kisha kamera ya unene wa takriban milimita 2 ikapitishwa kwenye tundu dogo. Daktari huona gegedu lenyewe kwenye skrini. Papo hapo aweza kukwangua utando uliovimba, au kukaza kano zilizolegea.

Lakini tusidanganyane. Kamera haioteshi gegedu upya. Kiungo kikishakwisha kabisa, tiba iliyozoeleka ni kukitoa kifupa kilichosagika. Na wagonjwa wengi hawahitaji kisu kamwe. Mamangu mwenyewe hakufika kwenye kamera. Mtaalamu mwingine alimbinya pale chini ya kidole, akakizungusha kidogo, mama akaruka. Akampa gango la kukishika kidole, mazoezi, na baadaye sindano moja ya kupunguza uvimbe. Leo anashona tena, nusu ya kasi ya zamani.

Kwa hiyo dai langu si kamera kila kijiji. Ni ngazi iliyokamilika. Chini awepo mhudumu wa zahanati anayejua kukibinya kidole na kumsadiki mgonjwa. Juu yake, mtaalamu wa mazoezi na gango. Kisha sindano. Kisha, kwa wachache, daktari bingwa wa mkono mwenye kamera, bila mgonjwa kuuza shamba ili amfikie.

Tangu Oktoba 1, 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na ajira rasmi, kama mamangu, hulipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Hospitali nazo, kwa Katiba ya 2010, ziko mikononi mwa kaunti, isipokuwa zile za rufaa za kitaifa. Basi tuwaulize wawakilishi wetu wa wadi, bajeti ikiletwa kwa maoni ya umma: wataalamu wa mazoezi wa mikono wako wangapi katika kaunti yetu? Gango linapatikana wapi? Tusiende kwenye vikao hivyo kwa ajili ya barabara na visima pekee.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kofia, mikeka na makuti yetu yote hupita kati ya kidole gumba na wenzake. Mama akikuambia kinamuuma, usimwambie ni uzee. Mwulize ni wapi hasa, kisha umpeleke kwa atakayembinya pale.