Mlango wa Beetle haufungi? Usiuguse kwanza

Najua wengi mnakuja hapa kusoma mambo ya kompyuta, lakini leo nivumilieni, nina neno kuhusu mlango. Mlango wa gari. Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle, lile la mgongo wa kobe, lililoshinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, na ambalo kiwanda cha Puebla kule Mexico kiliacha kulitengeneza Julai 2003.

Mjomba wangu analo moja. Alilipeleka kwa fundi wa kuchomelea kwa sababu pembeni chini ya milango lilikuwa limeliwa na kutu. Likarudi linang'aa, ila mlango wa abiria ukawa haufungi mpaka uubamize mara tatu. Wiki chache baadaye, kwenye kona, ukafunguka wenyewe huku mkewe amekaa hapo hapo. Alishikilia dashibodi, hakuumia. Tangu siku hiyo ukafungwa kwa kamba.

"Huu mlango ndio mbaya," mjomba akasema. "Nitafute mwingine."

"Mjomba, usinunue bado," nikamwambia. Akanunua. Fundi naye alikuwa na dawa yake: apige ukingo kwa grainda, ajaze puti, apake rangi. Mlango wa pili ulipofungwa ukakaa vile vile kama wa kwanza. Juu unagusa nguzo ya nyuma, chini kuna mwanya wa kupitisha kidole, na mstari wa ubavuni umeshuka chini ya mstari wa bodi. Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hii. Ukibadilisha kipande kizima na kosa likabaki pale pale, basi kosa haliko kwenye kipande.

Bodi ya Beetle inafungwa kwa bolti juu ya sakafu yenye uti wa mgongo katikati. Kila upande, chini ya mlango, kuna mfereji wa chuma unaopeleka hewa moto kutoka nyuma kwenye injini hadi mbele. Watu wanauona kama bomba la hita tu, na hapa kwetu nani anataka hita? Lakini mfereji huo ndio msingi wa nguzo zote mbili, ya mbele inayobeba bawaba na ya nyuma inayopokea kitasa. Unaoza kutokea ndani, kwa hiyo siku unapoona tundu, kazi imeshaharibika zamani. Na ukiukata bila kuunga nguzo hizo kwanza kwa vyuma, nguzo ya mbele inaweza kulala kidogo kuelekea nyuma. Milimita chache kwenye bawaba zinakuwa nyingi huko mwisho wa mlango. Fundi wetu alikata bila kuunga chochote, halafu akachomelea upotovu ukakauka hivyo.

Msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunipinga: mlango ndio kitu cha mwisho kulaumiwa. Anza na uwazi wenyewe. Chukua futi, pima kutoka kona hadi kona, kisha linganisha na upande wa pili. Vipimo vikitofautiana, weka chini bisibisi, hakuna marekebisho ya bawaba yatakayokuokoa. Vikilingana, shika mlango kwa nyuma ukiwa wazi, uinue. Ukicheza juu na chini, pini za bawaba zimelika. Usipocheza, legeza skrubu za bawaba kwenye nguzo ya mbele (hapo utahitaji ile bisibisi ya kugongwa kwa nyundo, la sivyo utaharibu vichwa vyote), uusogeze mpaka mistari ikutane. Fanya hivyo bila raba na bila kile kibati cha nyuma kinachopokea kitasa, maana vyote viwili vinauvuta mlango na kukudanganya. Kibati kinafuata baadaye, raba mwisho kabisa. Raba ikishawekwa, funga mlango na kipande cha karatasi katikati, ukivute. Kikitoka bila kukaza, maji ya mvua yataingia hapo.

Halafu kuna jambo la kuchekesha. Beetle nzima nzima imezibika hivi kwamba vioo vikiwa vimefungwa, hewa ya ndani inaukataa mlango. Shusha kioo kidogo ujaribu tena kabla hujamwita fundi.

Kosa lingine ni letu wateja. Tunamlipa fundi gari likishang'aa, hakuna anayefungua na kufunga milango yote kabla ya kutoa pesa. Mtu akilipwa kwa rangi, atakupa rangi. Mimi nisingelipa hata shilingi ya mwisho kabla ya kuona vile vyuma vya kuunga vimewekwa, kisu cha kwanza hakijapita.

La mjomba lilibidi likatwe upya kwa fundi mwingine. Alisukuma nguzo kwa jeki ya skrubu mpaka vipimo vikalingana na upande wa dereva, akashikiza nukta nukta, akaning'iniza mlango wa zamani, ule ule uliolaumiwa, akaukagua ndipo akachomelea kabisa. Sasa unafunga kwa kidole. Ule wa kununuliwa umeegemea ukuta wa choo cha nje, na mjomba hataki kusikia habari zake.